Tulinunua mabasi ya umeme kabla ya kununua umeme

Wiki iliyopita alinipigia jamaa mmoja niliyewahi kufanya naye kazi. Kampuni yao imeambiwa na wakubwa wa mji ianze kuachana na dizeli, akaniuliza swali moja tu, "Mkuu, tuchukue basi gani?" Nikacheka, maana hilo ndo swali nililoanza nalo na mimi na ndo lililonitoa jasho miaka minne. Nikamwambia ndugu yangu weka katalogi pembeni kwanza, nenda kaangalie transfoma ya yadi yenu imeandikwa kVA ngapi, yaani inabeba umeme kiasi gani. Akakaa kimya kidogo, akasema "ya nini?" Sasa hiyo "ya nini" ndo imenikalisha chini niandike haya.

Mi ni mtu wa yadi. Nimekaa na mabasi ya dizeli zaidi ya miaka 15, kupanga ratiba, kugombana na mafundi, kubembeleza madereva, kupigiwa simu saa kumi alfajiri basi limegoma kuwaka. Bosi alipotuita akasema tunaanza na mabasi 20 ya umeme kati ya 110 tuliyonayo, kichwani mwangu ilikuwa ni kama tunabadilisha modeli tu, lile tangi la dizeli linatoka betri inaingia, maisha yanaendelea. Bosi akatupigia na mfano wa Shenzhen kule China, kwamba kufikia mwisho wa 2017 mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme, sasa sisi tunashindwaje na 20? Hakuna aliyeuliza wale wa Shenzhen waliwekewa ruzuku kiasi gani na serikali na chaja zilijengwa lini. Na mimi sikuuliza, nilikuwa natingisha kichwa kama wenzangu.

Kosa la kwanza ni la kwangu kabisa, nalikubali. Muuzaji alisema basi lina betri ya yuniti 350 (kWh) na linatembea kilomita 300. Ratiba zetu ndefu zilikuwa kilomita 240 mpaka 260 kwa siku, nikasema safi, na chenji inabaki. Nikasaini.

Hesabu niliyotakiwa kuifanya siku ile ni hii, na mtoto wa shule anaiweza. Ile 300 ni ya basi tupu, barabara tambarare, kiyoyozi kimezimwa, dereva mpole. Basi letu likiwa na abiria na kiyoyozi kinafanya kazi linakula kama yuniti 1.3 kwa kilomita, siku mbaya linafika 1.6. Halafu huwezi kuimaliza betri mpaka sifuri, unaacha akiba, sisi tunaacha asilimia 15. Kwahiyo basi jipya kabisa linakupa kama kilomita 229. Na betri inazeeka, waranti nyingi zinahesabu betri bado nzima mpaka ishuke asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo, maana yake kuna mwaka itabaki yuniti 280 na muuzaji hana cha kukulipa. Toa akiba, gawanya kwa 1.3, unapata 183. Yaani ratiba ilitakiwa nipange kwa 183 tangu siku ya kwanza, mimi nilipanga kwa 300. Kama mji wenu una baridi kali hali ni mbaya zaidi, maana hita inanyonya kutoka betri ile ile, kwenye dizeli joto la injini lilikuwa la bure.

Kilichotokea ni kwamba ratiba tisa kati ya zile 20 hazikuwezekana. Tukabaki na dizeli kwenye safari ndefu, na mabasi ya umeme tukayahamishia safari fupi fupi na nyingine tukazipasua katikati, basi linarudi mchana kuongezewa. Saa moja kwenye chaja ya kilowati 60 inakupa kilomita 45 hivi, sio haba, ila ile saa moja dereva yupo kwenye malipo na basi halina abiria. Hiyo gharama hakuna aliyeiweka kwenye karatasi ya bosi.

Sasa umeme. Yadi yetu ilikuwa na transfoma ya kVA 200, inatosha taa, ofisi, kompresa na mashine ya kuoshea mabasi. Mabasi 20 yakila yuniti 240 kila moja kwa siku, na ukijumlisha zinazopotea njiani wakati wa kuchaji kama asilimia 10, unahitaji zaidi ya yuniti 5,200 usiku mmoja. Ukiwa na saa nane za usiku hizo ni kilowati 660 mfululizo bila kupumzika. Tulihitaji transfoma ya 1,500 na laini mpya kutoka nje. Tulipeleka maombi kampuni ya umeme baada ya kusaini mkataba wa mabasi, tukijua ni jambo la wiki kadhaa, si wanakuja tu wanavuta waya? Wakaja wakapima, wakasema laini inayopita mtaani haitoshi inabidi ivutwe nyingine kutoka kituo kidogo cha umeme, kibali cha kuchimba barabara, zabuni ya transfoma, foleni. Mabasi yalichukua miezi saba kufika. Umeme ulichukua miezi 16.

Miezi tisa mabasi mapya 20 yamepangwa yadini kama mapambo. Watu walipita nje ya uzio wanapiga picha, wanacheka. Mimi nikienda kwenye misiba au harusi naulizwa "yale mabasi yenu ya maonyesho vipi?" Nilikuwa nalala vibaya, nisidanganye, kuna wakati niliandika barua ya kuacha kazi nikaiweka kwenye droo. Na kibaya kuliko aibu, waranti ilikuwa imeanza kuhesabu tangu siku mabasi yaliposhuka, ndivyo tulivyosaini, kwahiyo robo tatu ya mwaka ya waranti ya betri ilitupotea basi halijabeba hata abiria mmoja. Ukisaini mkataba pigania waranti ianze siku basi linaingia kazini, na pigania malipo ya mwisho yafungwe kwenye siku chaja zinawaka. Wenzetu wa sheria walisema hicho kipengele kingeandikwa kwa mstari mmoja tu.

Katika ile miezi ya kusubiri tulizoea kuchaji mabasi mawili mawili kwa chaja ndogo ya kutembeza ili tu betri zisife. Hapo nikajifunza jambo lililonichekesha mpaka machozi, basi lenye betri ya yuniti 350 halikuwaka kwa sababu zile betri ndogo za volti 24, za kawaida kabisa kama za lori, zilikuwa zimekufa. Ile betri kubwa ina swichi zake ndani zinazofungwa kwa umeme wa ile ndogo, ndogo ikifa kubwa haitoi kitu. Kila basi linalokaa zaidi ya wiki bila kazi tunazima swichi kuu ya zile ndogo, tunaandika na tarehe kwenye kioo.

Chaja ziliwekwa na mkandarasi aliyefuata mchoro vizuri tu, shida mchoro uliuchora mtu ambaye hajawahi kuona basi likipaki. Soketi ya basi letu iko nyuma upande wa kulia, chaja ziliwekwa mbele ya maegesho, kebo haifiki. Ikabidi mabasi yaingie kinyumenyume, usiku, na madereva wamechoka, wiki ya pili chaja moja ikagongwa ikalala chini. Tukaja kuweka vizuizi vya zege na kuning'iniza kebo juu kwa springi, maana kebo zikikokotwa chini zinakanyagwa na matairi na zile kofia za plagi zinapasuka. Chukua basi moja, lipaki pale unapotaka kujenga, shika kamba yenye urefu wa kebo uone inafika wapi. Dakika kumi tu. Zingetuokolea mengi.

Bili ya umeme nayo ilinipa somo. Kwenye matumizi makubwa kama haya sehemu nyingi huwa unatozwa mara mbili, unalipia yuniti ulizokula, halafu unalipia ule mzigo mkubwa kuliko wote uliouvuta kwa mpigo ndani ya mwezi, unapimwa kwa wastani wa dakika 15 au 30. Sisi tuna chaja kumi za kilowati 120, kila moja ina mikono miwili. Zikiwaka zote kwa nguvu zote ni kilowati 1,200. Kuna programu inazigawia zamu, basi lililopangwa kutoka saa kumi linatangulia, la saa mbili asubuhi linasubiri, na kwa pamoja hazipiti kilowati 700. Usiku mmoja intaneti ikakatika, programu ikapoteza chaja, kijana wa zamu kwa nia njema kabisa akaziweka zote kwa mkono, mabasi yote yakaanza kunyonya kwa pamoja. Nusu saa hivi. Asubuhi mabasi yamejaa, kijana anajisifu, mimi nampongeza! Mwisho wa mwezi ile sehemu ya pili ya bili imekaribia kuongezeka mara mbili kwa ajili ya nusu saa moja. Hatukumfukuza, kosa halikuwa lake, hakuna aliyemwambia. Sasa kila chaja ina kikomo chake kilichowekwa ndani yake yenyewe, programu iwepo isiwepo haivuki, na ukutani pale zamu kuna karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba intaneti ikikatika usiguse kitu, piga simu.

Sasa nakuja kwenye siku iliyonitoa jasho kuliko zote. Tulikuwa tunachaji mpaka asilimia 80 tu. Nani alisema? Mimi. Nilisoma kuhusu simu na magari madogo kwamba ukijaza kila siku unaua betri, nikajiona mjanja. Betri zetu ni lithiamu aina ya LFP (ya chuma na fosfeti), na hizi zina tabia yake, volti yake inakaa karibu pale pale sehemu kubwa ya safari, haishuki taratibu ukaisoma kama gaji ya mafuta. Kwahiyo kompyuta inakisia kwa kuhesabu umeme ulioingia na uliotoka, na kila siku inakosea kidogo, makosa yanajikusanya, na mahali pa kujisahihisha ni pale betri inapojaa kabisa. Sisi hatukuijaza wiki sita. Dereva wetu mmoja, dada makini sana, alikuwa anarudi na asilimia 24 kwenye dashibodi, akapanda kilima, ikaruka kutoka 24 mpaka 7, basi likajipunguzia nguvu likatambaa kama konokono, likasimama katikati ya njia saa kumi na moja jioni limejaa watu. Alinipigia sauti inatetemeka, "bosi, nilikuwa na 24, naapa." Mimi nikamfokea kwanza, nikidhani alipuuza taa. Baadaye nilimuomba radhi mbele ya wenzake, ilibidi.

Tangu hapo kila basi linajazwa mpaka 100 angalau mara moja kwa wiki na linaachwa kwenye plagi muda wa kutosha seli zijisawazishe, ndivyo watengenezaji walivyoandika kwenye kitabu ambacho mimi sikukisoma. Betri za aina nyingine zina masharti mengine, kwahiyo usinikariri mimi, kasome kitabu chako.

Siku hiyo hiyo haikuishia hapo. Mwenye gari la kuvuta alikuja akalifunga kama anavyofunga la dizeli, magurudumu ya nyuma yanazunguka. Mota ya umeme ikizungushwa na magurudumu inazalisha umeme yenyewe, hata kama basi limezimwa. Ilitakiwa lifunguliwe propela shafti kwanza, ule mhimili unaounganisha mota na magurudumu, au linyanyuliwe magurudumu yenye mota. Kifaa cha kuongozea mota kiliungua, na waranti ikakataa. Siku hizi kila basi lina karatasi ya maelezo ya kuvuta imebandikwa mlangoni kwa dereva, na tumeongea na wavutaji wawili tu ndo tunaowaita.

Madereva kwa ujumla walilipenda basi haraka kuliko nilivyotegemea. Halina kelele, halina gia, likishika njia halikohoi. Ila kuna vitu viwili viliwashtua. Ukiachia mguu basi linajishika lenyewe, mota inageuka jenereta inarudisha umeme kwenye betri, wanazoea kutokanyaga breki. Sasa asubuhi basi likitoka limejaa 100 hakuna pa kurudisha huo umeme, ule mshiko unapungua sana, na kilima cha kwanza kushuka dereva anaachia mguu basi linateleza tu. Breki za kawaida zipo, linasimama, ila moyo unakuwa umeshahama. Waambieni kabla. Jingine ni ukimya, yadini vijana wa kuosha walizoea kusikia injini ndo wasogee, mmoja aliponea sentimita chache. Mwendo wa yadini kwetu ni kilomita 10 kwa saa na taa zinawashwa hata mchana.

Ukigawa mafunzo, wape madereva muda mrefu kuliko unavyodhani. Basi lile lile, njia ile ile, dereva mmoja anakula 1.1 mwingine 1.5. Tukaanza kubandika majina na matumizi ukutani, ikawa vita na lawama, tukayatoa. Tukamchukua yule wa 1.1 akae pembeni ya wenzake siku mbili mbili, hapo ndo tukaona mabadiliko.

Gereji ndo ilinigusa zaidi. Tulikuwa na mzee mmoja, fundi mkuu, anasikiliza injini ikiwa mlangoni anakwambia nozeli ya nne. Mabasi yalipokuja alikaa mbali nayo mwezi mzima. Nilidhani ni kiburi, kumbe ni hofu, umri ule mtu anaambiwa anaanza upya na vijana waliozaliwa akiwa tayari fundi wanamfundisha. Aliniambia siku moja tukinywa chai, "mwanangu, hili halisemi kitu, nitalisikilizaje?" Sikuwa na jibu.

Na hofu ina haki yake. Zile kebo za rangi ya chungwa zina volti 600 na zaidi za umeme wa moja kwa moja, ukikosea hupati nafasi ya kusimulia. Kwetu hakuna anayegusa mfumo mkubwa peke yake, ni wawili, mmoja anafanya mwingine amesimama na ile fimbo ya ndoano ya kumvutia mwenzake. Unazima, unafunga kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwako, unasubiri dakika zilizoandikwa kitabuni ili umeme uliobaki ndani ya vifaa uishe, halafu unapima uone sifuri. Glavu za mpira za volti 1,000 zinajazwa upepo kila kabla ya kazi kuona kama zina tundu, na zinapelekwa kupimwa kila miezi 6. Tulianza na mafundi wanne waliofuzu, wawili wakachukuliwa na kampuni nyingine ndani ya mwaka. Funza wengi kuliko unaowahitaji.

Yule mzee sasa ndo mkali wa glavu. Akikukuta umeshika kebo ya chungwa bila kupima anakutoa gerejini mbele ya watu, hajali cheo chako. Mimi nimetolewa mara moja.

Moto nao tuliupuuza mpaka mtu wa bima alipotuuliza mabasi yanapaki umbali gani kutoka moja hadi jingine. Stuttgart, Ujerumani, Septemba 2021 moto uliteketeza mabasi 25 ndani ya yadi, na basi la umeme lililokuwa kwenye chaja lilitajwa kuwa huenda ndo chanzo. Mwaka uliofuata Paris waliyaondoa barabarani kwa muda mabasi 149 ya aina moja baada ya mawili kuungua mwezi mmoja. Haitokei kila siku, dizeli nazo zinaungua, ila betri ikishika inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi ukidhani umezima. Tumetenga kona moja wazi, mbali na majengo, basi lolote lililogongwa chini au linaloonyesha joto la ajabu linalala huko. Na tuliwaita zimamoto waje walione basi likiwa zima, waonyeshwe swichi ya kukata umeme iko wapi, wasije kuitafuta usiku kwenye moshi.

Pesa. Basi lenyewe lilitugharimu karibu mara mbili ya la dizeli, na ukiongeza transfoma, laini, chaja na zege ni zaidi. Kinachorudi kinarudi taratibu kwenye mafuta na matengenezo. Oili ya injini hakuna, filta za dizeli hakuna, pedi za breki zinadumu mpaka unasahau, na hapo kuna mtego, kalipa, zile zinazobana pedi, zisipotumika zinaganda kwa kutu, tunazifungua kuzisafisha hata kama pedi bado mpya. Matairi ndo yalitushangaza, yanaisha mapema kuliko ya dizeli, basi ni zito na mota inavuta kwa nguvu tangu sifuri. Leo mabasi 17 hadi 18 kati ya 20 yanatoka kila asubuhi, dizeli zetu za umri huo huo hazikuwahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Ila mwaka wa kwanza tulikuwa tunatoa 11, na mkutano wowote wa bodi nilikuwa naingia na tumbo linauma.

Awamu ya pili imeshapitishwa, mabasi 30. Bado hatujachagua basi wala hatujafungua zabuni, na wauzaji wanapiga simu kila siku nawaambia wasubiri. Barua ya kwanza tuliyoandika ilienda kampuni ya umeme, ina ramani ya yadi, idadi ya mabasi, kilowati kwa kila saa ya usiku. Huu ni mwezi wa tano tangu tuipeleke, wameshakuja kupima mara moja. Ile barua yangu ya kuacha kazi bado iko kwenye droo, sijaichana, nimeigeuza nyuma nikaandikia hesabu ya kilomita 183.